Dola ya Baba Iko Benki

Blaine, Minnesota
Novemba 9

Dada yangu Ephrasia,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini barua hii itakukuta goti limeshapona na Mama anakula vizuri. Sisi huku tu wazima. Binti yako Doris anasoma kwa bidii na ananipikia, ingawa chumvi anaiogopa kama dawa. Theluji imewahi, juzi nilikanyaga paa la gari la jirani nikidhani ni barabara. Barua anakuletea Davis anayekuja huko likizo, kwa sababu simu yako huiweka spika, na haya si ya spika.

Umeniambia kwamba tarehe 28 Desemba msalaba wa kaburi la Baba utabarikiwa, na Mama anataka siku hiyo aishike ile sarafu ya fedha, dola ambayo Baba alinikabidhi nilipoondoka. Macho yamemwishia, lakini kidole gumba chake kinalikumbuka lile pengo la ukingoni, Baba alipoijaribu kwa tupa aone kama ni fedha kweli.

Kwanza nikupe habari za shughuli yangu mpya, maana najua Doris ameshanichongea. Siku hizi natafuta dola za sarafu kwenye mabenki. Wamarekani wenyewe hawazitumii, wamezoea za karatasi, kwa hiyo zinalala tu kwenye droo za makeshia. Mimi naingia, navua kofia, nauliza kama wanazo, nabadilisha noti zangu. Mara nyingi napewa zile za rangi ya dhahabu zenye mama aliyebeba mtoto mgongoni, kambeba vizuri kama kwetu. Za zamani za fedha ni nadra. Kuanzia Blaine mpaka Eden Prairie hakuna benki isiyonijua. Kule Bloomington meneja akiniona husimama, na keshia mmoja, Gilbert, huniita Profesa. Mimi, wa darasa la saba! Doris anasema meneja husimama ili anitoe nje. Mtoto huyu mdomo kaurithi kwako.

Sasa, dada, vuta kigoda ukae.

Mwezi wa tano, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, nilikuwa nayo dola ya Baba mfukoni. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba Baba alipewa na jenerali, wala si yule daktari wa misheni ambaye Baba alimtengenezea pikipiki. Edson, mwenzetu wa ibada, akanibeza, akasema labda jenerali wa skauti. Watu wakacheka. Kapu la sadaka lilipofika nikaitumbukiza mbele ya macho yao, ikalia. Nilijua ibada ikiisha itanadiwa pale nje, kama kwetu mayai na mikungu ya ndizi ya sadaka inavyonadiwa, nami nitaikomboa kwa dola mia nzima, wapige vigelegele. Nikatoka, nikasubiri. Watu wakanywa kahawa, wakawasha magari. Hakuna mnada. Aibu ikanizuia kuuliza mpaka Jumatano. Mama Velma, mtunza hazina wetu, akaniambia kwamba sadaka ilishahesabiwa na kupelekwa benki tangu Jumatatu. Nikakimbilia huko. Ilikuwa imeshatoka, na nani anakumbuka sarafu moja?

Uliponiuliza kwenye simu nikakujibu dola ya Baba iko benki. Sikukudanganya, Ephrasia. Ila sijui benki ipi.

Wiki iliyopita Gilbert alinitolea moja ya fedha, mwaka uleule wa 1922 kama ya Baba, kichwa cha mwanamke yuleyule. Haina pengo. Niliiweka kwenye meza ya jikoni, nikachukua tupa. Doris alikuwa anaosha vyombo. Akafunga maji, akaniuliza, Mjomba, na Bibi akikwambia asante, utaitikia nini? Nikairudisha tupa kwenye boksi.

Nakuja na hii isiyo na pengo. Nitamwambia Mama mwenyewe, kabla hajanyoosha mkono.

Nisalimie shemeji Anselm na wote wanaouliza habari zangu, waambie nimenenepa. Najua Mama atataka asomewe. Msomee mpaka pale meneja anaposimama akiniona, acheke kidogo, halafu mwambie barua imeishia hapo. Yaliyobaki niachie mimi.

Ndimi mdogo wako,
Valerian