Tundu Chini ya Boti ya Papa Kalunga

Jumatatu, 4/8
Leo tena kwenye muchanga, chini ya boti ya Papa Kalunga. Nimetoboa mbao ya chini. Kwenye tundu nimepitisha kichwa ya plastiki ya mashini mupya Papa Kalunga amenunua: kagurudumu kake kanapima mbio, jicho lake linapima kina cha maji. Nikakaza na ufunguo mpaka vidole vikauma. Boti iko kwenye kavu tangu Pasaka, mbao imekauka sana. Kazi safi. Kazi najuaga.

Jumanne, 5/8
Tumeisukuma majini. Kelele, nyimbo. Papa Kalunga mbele ya mashini kama bwana arusi: namba ya kina, namba ya mbio. Boti inakunywa maji, ni kawaida. Ikitoka kwenye kavu inakunywaga kwanza, halafu mbao inavimba na kufunga nafasi. Njo vile inakuwaga tangu zamani. Tunachota tu.

Jumatano, 6/8
Tumechota tena.
Dada ya muke wangu amekufa kule Moba. Yeye, Mama Neema, amelia mpaka sauti ikakauka. Barabara ni mbaya, atapanda hii boti Jumamosi. Nikamwambia sawa.

Alhamisi, 7/8
Mbao imeshiba. Nimepitisha mukono kwenye nafasi zote, kavu. Lakini maji ingali inaingia. Sipendi.

Ijumaa, 8/8
Nimelala tumbo ndani ya boti, tochi mudomoni. Nimeona maji inaingilia wapi: njo pale, kwenye kichwa ya plastiki. Ufa mwembamba, unazunguka. Mbao imevimba, imeikamata, imeiponda. Nilitoboa tundu ya kubana kwenye mbao kavu, sikuacha nafasi hata kidogo. Mujinga miye!
Nikamwambia Papa Kalunga tuivute kwenye muchanga. Akacheka mbele ya watu wake. "Fundi, boti inakunywa, weye unaogopa? Itashiba!" Nikamwambia imekwisha kushiba, hii ni ufa. Akasema tuchote. Nikaondoka kabla sijamutukana.
Nyumbani nimemweleza Mama Neema yote, nikamwomba asiende. "Matanga ya dada yangu ipite bila miye?" Boti ingine hakuna mpaka wiki ijayo. Kichwa ngumu, huyu mwanamuke. Ninaogopa. Nitapanda naye.

Jumamosi, 9/8
Tumeacha Kalemie asubuhi. Upepo wa kusini, mawimbi makali. Kabla ya kuondoka nimewaambia abiria. Wawili walishuka. Wengine walimutazama Papa Kalunga, akatikisa kichwa kwamba hakuna shida, wakabaki.

Saa sita hivi
Niko chini, kati ya mifuko ya unga. Nimeziba na sabuni na kitambaa, lakini nikilegeza mukono tu, maji inasukuma. Kigingi siwezi kugonga, plastiki yote itatoka. Mukono wa kushoto uko pale tangu tulipoacha bandari. Siusikii tena. Naandika na wa kuume, karatasi kwenye goti.
Juu Papa Kalunga anawatangazia watu mbio ya boti. Kina hatangazi tena. Mashini inaonyesha vistari tu: ziwa hapa ni refu, jicho lake halifiki chini.

Baadaye
Mama Neema anachota na sufuria. Moba haijaonekana. Sasa hivi ameweka sufuria chini, akapitisha mukono wake juu ya wangu, akakandamiza. Ameniambia nitoe wangu, nipumuzike kidogo.