Mpini Niliouachia

Jumatatu, 3 Juni 1912
Mbao tena, kutoka Usa River hadi mjini. Mzee Hamisi anatangulia, ameshika kamba ya maksai wa mbele. Mimi ubavuni mwa gari, kwenye mpini wa breki. Bado najifunza. Leo mbuzi wamekatiza ghafla, nikaduwaa. Mzee kanifokea: "Elia, likitokea lolote, kaza kwanza! Kuogopa utaogopa baadaye!" Viganja vimechubuka.

Alhamisi, 6 Juni
Mbwa. Gogo njiani. Kote nimekaza. Mzee Hamisi kanisifu, kasema karibu nitakabidhiwa gari langu. Nimerudi nyumbani nikijitapa. Mke wangu kacheka.

Jumamosi, 8 Juni


Mteremko wa Kikwe. Mama mkwe katokea migombani, mzigo wa majani mgongoni, hatua chache mbele yangu, uso kwa uso. Kwetu mama mkwe hatazamwi. Ukimwona unajificha. Miguu ilitangulia, akili ikabaki nyuma. Nikaachia mpini, nikajitupa migombani, nikafunika uso. Breki bado haijakaza. Gari likawasukuma maksai, wakayumba. Namsikia Mzee Hamisi: "Kaza! We Elia, kaza!" Nami nimelala kifudifudi, eti nina adabu.

Gurudumu limempitia mama mkwe mguuni.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Ningekaa wapi?

Mfupa umevunjika. Mke wangu kaenda kumuuguza mama yake, hakuniaga. Hata kumwomba radhi siwezi, mkwe haingii alikolala mama mkwe. Nimejificha nisimwone, sasa namwona kila nikifumba macho. Mpumbavu mimi.

Mzee Hamisi hakunifukuza. Kasema tu, "Maksai hawana wakwe, Elia." Afadhali angenichapa.

Jumatano, 10 Julai
Mke wangu karudi. Anapika, anatenga chakula, anatoka nje. Gari langu kapewa mwingine. Sawa tu.

Jumanne, 17 Septemba
Mteremko ule ule. Mama mkwe njiani, anachechemea na fimbo. Miguu ikataka kukimbia, wallahi ilitaka. Nikakaza. Macho chini, mikono kwenye mpini, mpaka maksai wakasimama. Naye akasimama.

Kisha akavuta shuka kichwani, akageuka taratibu, akanipa mgongo. Kanipisha yeye, nisilazimike kuachia mpini.

Nikalegeza breki kidogo, tukapita. Nimelia mpaka mtoni. Mzee Hamisi hakugeuka nyuma.