Mbuzi wa Fainali

Mjukuu wangu Zawadi,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Huku Temeke tu wazima. Mjomba wako kapata mapacha, nyumba haina usingizi wala huzuni.

Hongera kwa ushindi, ingawa unasema mlinzi wao alikubana kweli! Unauliza sie, enzi zetu za netiboli sekondari, tulipewaga medali gani. Mjukuu wangu, tulipewaga mbuzi!

Miaka ile ya Ujamaa tulicheza fainali Chang'ombe na wasichana wa kutoka Pugu. Mlinzi wao, Salome, alinibana mpaka nikamchukia. Goli la ushindi nililifunga filimbi ikiwa tayari mdomoni mwa refa. Vigelegele! Kwa wazimu wa furaha tukambeba mbuzi wetu juu juu, kama kombe. Akarusha mateke, akaponyoka, akakimbilia kwenye magereji.

Tukamfukuza weee! Kugeuka, naona wale wa Pugu nao wanakimbia pamoja nasi, machozi ya kufungwa hayajakauka. Aliyemdaka ni Salome.

"Wewe umenishinda," akaniambia akihema, "lakini huyu hanishindi."

Mwalimu wetu akacheka: "Aliyemkamata haondoki na njaa." Jioni ile tukachanganyika kwenye masinia, wao na sie, tukala na kuimba.

Basi medali sina. Salome ninaye. Jumapili anakuja kula kwangu, na najua hata kabla hajakaa ataanza: yule mbuzi alikuwa wetu.

Hebu niambie, huyo aliyekubana wewe anaitwa nani?

Akupendaye,
Bibi Mwanahawa