Shangazi Bati na friji ya mama mkwe

Shoga, nimejiaibisha ukweni. Usinicheke kwanza, soma.

Si ile katuni ya maroboti tunayobishania kila wiki? Leo nimeianzisha mezani kwa wakwe, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikaanza kumchambua Shangazi Bati, yule roboti anayebisha hodi kabla ya kufungua kabati. Nikasema akili hazimtoshi. Nikasema mchoraji lazima anaishi na mtu wa aina hiyo, na huyo mtu apelekwe hospitali.

Apelekwe hospitali. Nimesema hivyo mbele ya mama mkwe.

Mume wangu anatazama sahani. Wifi yangu, yule mpole asiyeongea, kainama mpaka nikadhani analia.

Mama mkwe akasema taratibu, "Mwanangu, hebu tuletee maji kwenye friji."

Nikainuka. Unajua kazini kwetu buchani, chumba cha baridi hakifunguliwi bila kugonga, maana mwenzako anaweza kuwa nyuma ya mlango kabeba nyama. Mkono umeshazoea, hauniulizi.

Nikaigonga friji. Nikasema hodi.

Wifi akaitikia kutoka mezani, "Karibu, Shangazi."

Ni yeye anayeichora ile katuni. Shoga, ni yeye, na nyumba nzima ilijua. Mume wangu alijua. Miezi yote hii nikimsema Shangazi Bati, kumbe najisema mwenyewe.

Maji sijapeleka. Nimejifungia chooni kwao nakuandikia.

Wifi yuko mlangoni anabisha hodi, na sina uso wa kumwitikia.