Sombe ya Mama Murhula

Jumapili, 5 Januari

Imetangazwa! Pastor Zadock ameniita mbele ya kanisa: Stacy anaenda Kongo, msituni ndani kabisa, kwa watu wa kambi za uwindaji. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nikalia mpaka mascara ikafika kidevuni.

Halafu akasema kanisa lote litafunga wiki tatu kwa ajili ya safari yangu. Hakuna kula mpaka jioni. Na mimi ndio naongoza maombi ya saa sita mchana kwa simu — mimi!

Imebaki lugha tu. Misheni watanipima kwa video Jumatatu tarehe ishirini. Lazima niongee na mtu wa huko, wasikie tunaelewana. Nikishindwa, nafasi inaenda kwa mwingine. Na Minnesota nzima nimepata mtu mmoja: Mama Murhula, hapa St. Paul. Alizaliwa kwenye hizo kambi, akatolewa na vita. Mungu hulala? Halali!

Jumatano, 8 Januari

Baridi ya kung'oa masikio. Gari imekataa kuwaka, jirani akanipea jump ya betri.

Mama Murhula ni kamama kadogo, kitambaa kichwani, soksi mbili mbili. Kiswahili chake ni kile cha Kongo, unataka tu aendelee. Nikaweka simu mezani ku-record. Nimejisomea YouTube jinsi ya kuanza: vitu kwanza, vitenzi baadaye. Maji mnaitaje? Moto? Asali? Akajibu zote, pole pole. Nilikuwa nataka kuruka!

Akaingia jikoni. Akatoka na fufu, sombe ya majani ya muhogo, na makayabu juu — ile samaki ya chumvi. Harufu, woi! Nikasema, "Asante Mama, nimeshiba." Uongo wa adabu. Lakini ningesema nini? Biblia inasema ukifunga usijitangaze.

Akafunika sahani. Nikaendelea. Nyota mnaitaje? "Nimesahau." Mvua? "Nimesahau." Mama? "Nimesahau."

Mtu anasahau aje neno mama?

Jumamosi, 11 Januari

Nimekuja na akili leo. Alipoleta chakula nikasema, "Mama, nifungie, nitakula kazini." Akanitazama. Akaifunga kwa mkebe wa ice cream. Nikadhani nimecheza kama mimi!

Giza lilipoingia nimekula yote kwa laundry room ya group home, kule kazini, nimesimama kando ya mashine. Sombe tamu hiyo sijawahi. Lakini neno? Hata moja hakunipa. Alikuwa anakunja nguo akiimba chini chini kwa lugha yao. Nikashika simu ku-record — akanyamaza.

Jumatano, 15 Januari

Nimejua kosa langu. Aki ni aibu.

Murhula, kijana wake, anafanya kazi hoteli kule Bloomington, alikuwa off. Nikamuuliza mbona mama yake ananinyima maneno. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, unakimbiaka na chakula ya mama sawa mwizi wa kuku!"

Mama mwenyewe akamnyamazisha. Akaniambia kwao mtu haongei lugha na mgeni aliyekataa kula kwake. Kula kwanza, pamoja, sahani moja. Maneno yanafuata. "Wale walikuja kwetu na hawakukula," akasema, "walikuja kuchukua." Watu gani, sikuuliza. Macho yake yalikuwa kwenye simu yangu. Taa nyekundu inawaka, ina-record. Nikaizima.

Basi nikamwambia ukweli. Nimefunga.

"Unafunga juu ya nini, ma fille, mutoto yangu?"

"Ili Mungu anifungulie njia kwa watu wako."

Akakaa. Akasukuma sahani mbele yangu. "Watu yangu ni miye hapa. Njia ingine unatafuta wapi?"

"Mama, nimeweka nadhiri."

"Na Yesu yako hakulaka kwa watu?"

Huyu mama anaomba kuliko mimi. Ana rozari mfukoni! Na mimi nilikuwa nimejipanga kumshuhudia.

Sikula. Nikaondoka. Hakunisindikiza mlangoni.

Jumamosi, 18 Januari

Nimempigia Pastor Zadock. Si mtu mbaya — ndiye alinifundisha ku-drive kwa snow, akanivumilia nikigonga mailbox yake. Akasikiliza yote. Kisha: "Binti yangu, kanisa lote lina njaa kwa sababu yako. Wewe ndio utakula wa kwanza?"

Akasema mama apike jioni. Lakini jioni niko shift, na hakuna wa kunishikia. Nimeuliza kila mtu kazini, mpaka Lois, na Lois hatuongei.

Usiku nimeota fufu.

Jumatatu, 20 Januari

Video ni saa nane. Sasa inakaribia saa sita. Naandika hapa hapa kwa meza ya Mama Murhula, anasonga fufu jikoni, nasikia mwiko ukigonga sufuria.

Nimekutana na Murhula mlangoni akienda kazini. Hakucheka leo. "Mama hakukula tangu jana. Anasema atakula na weye, ao hatakula. Kila siku unakuja ni vile." Kumbe kila siku nikija yeye hukaa njaa akiningoja! Tangu ile siku ya kwanza. Wawili tumefunga nyumba moja, na mimi sikujua ya mwenzangu.

Simu iko ndani ya koti, koti liko mlangoni. Sijaileta mezani.

Amekuja na sahani. Moja. Amekaa upande huu wangu, si ng'ambo ya meza kama juzi. Amenishika mikono akaninawisha yeye mwenyewe kwa jagi, kama mtoto.

Koti linatetemeka. Ni saa sita — wamepiga wote, wananingoja nifungue maombi. Lazima Pastor yuko kwa line. Imekata. Imeanza tena.

Mama amekata tonge, amechovya, hajala. Amelishika hapo katikati yetu. Amesema neno moja kwa lugha yao. Silijui, sijawahi kuliandika popote. Hakunitafsiria. Nimelielewa.

Mikono yangu bado imelowa, wino unasambaa, siwezi kushika kalamu na tonge pamo—