Msamaha Uliopita Mdomoni Mwangu

Mama yangu mpendwa,

Kwanza niambie, mgongo unaendeleaje? Na mvua imeshuka hapo Eldoret, ama bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ulaya haijanizoea. Ungeona nguo ninazobeba mwilini ungecheka.

Nimekawia kuandika kwa sababu ya ile kesi ndefu. Unajua kazi yangu katika mahakama hii ya kimataifa: nakaa kwenye chumba cha vioo, mtu akisema Kifaransa mimi nawapa wengine Kiswahili masikioni. Na akisema "mimi," lazima nami niseme "mimi."

Kabla majaji hawajapanga adhabu, yule kamanda aliyeshtakiwa alipewa nafasi ya kuongea. Ni mzee sasa. Vijiji vilichomwa kwa amri yake, watu wakiwa ndani. Akasimama, akasema polepole, nami nikasema: "Naomba msamaha kwa yaliyotokea."

Siku ya adhabu jaji akasoma kwa muda mrefu. Uzito wa makosa, umri wake, hata ule msamaha, vyote vilipimwa. Mwishowe akampa miaka ishirini na mitano, na ile aliyokaa rumande itolewe humo. Hapa hawanyongi mtu.

Nilipotoka, mjane mmoja aliyetoa ushahidi alinikuta kwenye korido nikinywa maji. Nilimsalimia tu. Akanikazia macho.

"Sauti ni hii," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Ni weye uliniomba musamaha?"

"Nilikuwa natafsiri, Mama."

"Ulisema 'yaliyotokea.' Yalitokea yenyewe, sawa mvua?"

"Ndivyo alivyosema. Siruhusiwi kuongeza wala kupunguza."

Akasema, "Bamemutolea miaka alishakaa. Na mimi, miaka nimelala peke yangu, nani atanitolea?"

Kanuni zetu hazituruhusu kuzungumza na mashahidi juu ya kesi. Akanishika mkono, akasema una baridi, mutoto yangu, kisha akaenda zake.

Jioni hiyo ndipo ulipopiga simu. Ukaniambia yule jirani yetu wa zamani kule Chepsaita, mwenye posho mill ya kusaga mahindi, ametuma wazee wa kanisa, anataka kuja kuongea nawe juu ya msamaha. Ukauliza nasemaje. Mama, nilidanganya kwamba simu inakatika. Ukweli ni kwamba niliikata mwenyewe. Huyo ndiye aliyewaongoza vijana siku za ghasia, wakachoma duka letu Baba akiwa ndani, na hakuna korti iliyowahi kumwita.

Nimewaza wiki nzima. Zamani nilitaka afungwe mpaka afie huko, na kuna siku bado nataka. Lakini nimeona mtu akifungwa, nikamwona mjane akirudi kwake na jambo lake lile lile mkononi. Sisemi adhabu ni bure. Yule mama alisafiri mbali kuja kuisikia, na ilisomwa mbele ya dunia kwamba aliyotendewa ni uovu. Wewe hata hilo hujapewa.

Kwa hiyo usiwakubali wazee wamsemee. Aje mwenyewe, na umsikilize anavyotamka. Akisema "yaliyotokea," mpe chai, aende. Akisema "nilichoma, mume wako alikuwa ndani, nilijua," hapo sina la kukufundisha. Ukitaka tumpeleke polisi hata baada ya hayo, nitaomba likizo, tusimame pamoja. Ukitaka kumsamehe, sitakulaumu, lakini usiseme kwa niaba yangu. Mimi bado.

Msalimie kaka Wafula na mkewe, na shangazi wa Moi's Bridge, natumaini mahindi yake yamekauka vizuri. Msalimie sana Mama Halima, aliyetuficha katika stoo ya duka lake siku ile ya moto. Siku huyo mtu akija, mwambie Mama Halima akae kando yako. Usimsikilize peke yako.

Mwanao anayekuwaza kila siku,
Nasimiyu