Kabla Hujamwambia Mchungaji

Mjukuu wangu Neema,

Mimi mzima, ila mgongo umechoka na kuponda kokoto. Wasalimie nyumbani.

Umeuliza kama uwaambie kanisani kwamba una virusi. Mimi nilimwambia mchungaji wetu hapa Pemba, nilipoanza dawa za virusi. Jumapili akatangaza, "Tumwombee ndugu mmoja mwenye UKIMWI, jina nalihifadhi." Waumini hatukujaza hata mabenchi matatu, na aliyekonda ni mimi peke yangu. Wote wakanigeukia.

Bi Tabitha, muuza maandazi, akasema, "Mnamtazama nini? Niombeeni na mimi, magoti yananiua." Akahamia benchi langu.

Wachungaji siwaamini mpaka leo, hata wakiapa kutunza siri. Lakini kwa Bi Tabitha nilikwenda kunywa chai, na vidonge vyangu nikavimeza mbele yake bila kujificha. Mtafute kwanza mtu wa namna hiyo.

Babu yako, Chake Chake